John Snow: Daktari aliyeuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi

Je, birika lako limeshika ukoko mweupe ndani? Je, sabuni inakataa kutoa povu, na nguo zikikauka zinakakamaa kama gome? Basi maji yako ni magumu. Yamepita kwenye mawe ya chokaa chini ya ardhi na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Ni kero kweli: yanakula sabuni, yanaziba hita na mabomba, na chai haipendezi. Lakini ugumu wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na madini hayo ni yale yale unayoyapata kwenye maziwa na mboga za majani.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapima usalama wa maji kwa vitu hivyo hivyo: ukoko, povu, ladha na rangi. Maji yakiwa laini, matamu na maangavu, tunayaamini. Zaidi ya miaka 150 iliyopita daktari mmoja wa London alionyesha kwa hesabu kwamba imani hiyo inaweza kukuua wewe na familia yako. Aliitwa John Snow.

Kijana wa York

Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa, na baba yake alikuwa kibarua. Mtaa wao ulikuwa wa watu maskini, karibu na mto Ouse, na mto ukifurika maji yalipanda hadi kwenye makazi. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kuwa mwanagenzi wa daktari William Hardcastle. Siku hizo udaktari ulijifunzwa hivyo, kwa kumfuata fundi wako nyumba kwa nyumba ukimbebea mkoba.

Alipofika miaka 17 hivi aliacha kula nyama. Baadaye alijiunga na watu waliokataa pombe, na alipendelea kunywa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha mvuke huo ukapozwa. Wenzake walimwona kijana wa ajabu kidogo, na huenda nawe ungemwona hivyo. Ila tabia hiyo ya kutoyaamini maji kwa kuyatazama tu ilimkaa maisha yake yote.

Mwishoni mwa 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza, kupitia bandari ya Sunderland. Ugonjwa ulikuwa umetoka Bengal ukisafiri na wafanyabiashara, majeshi na meli. Katika karne hiyo ulikuja kwa mawimbi, na pwani yetu haikusalimika: Unguja ilipigwa vibaya mwaka 1869 na 1870. Snow, akiwa na miaka 18 tu na bado mwanagenzi, alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Alichokiona huko hakukisahau. Wachimbaji walikaa chini ya ardhi kwa saa nyingi, hakukuwa na choo, na walikula chakula chao kwa mikono ambayo hawakuwa na mahali pa kuinawia. Akikata mmoja, wanafuata wengine.

Mwaka 1836 alikwenda London kumalizia masomo, na sehemu kubwa ya safari aliifanya kwa miguu. Alipata leseni ya upasuaji mwaka 1838 na shahada ya juu ya udaktari mwaka 1844, akafungua kazi yake mtaa wa Soho. Jina lake lilianza kuvuma kwa jambo jingine kabisa: nusukaputi. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kupima kwa uangalifu kiasi gani cha etha au klorofomu kimlaze mgonjwa bila kumuua, na Malkia Victoria alimwita ampunguzie uchungu wa kujifungua mwaka 1853, kisha tena mwaka 1857. Kama asingegusa habari za maji kabisa, bado angekumbukwa hospitalini.

Ugonjwa wa tumbo hauingii kwa pua

Wakati huo karibu kila mkubwa wa afya aliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya, yaani uvundo unaotoka kwenye takataka, mifereji na maiti. Usiwacheke haraka. Mitaa yenye uvundo ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi, kwa hiyo ilionekana kana kwamba ushahidi upo.

Snow aliijua hewa kuliko wengi wao, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwavutisha watu mvuke. Alijua kuwa mvuke hupungua nguvu kadiri unavyosambaa. Kama uvundo ndio uuao, wanaoshinda ndani yake wangekufa kwanza, na haikuwa hivyo. Tena kipindupindu hakianzi kifuani wala kwa homa. Kinaanza tumboni, kwa kuhara maji kama ya kuoshea mchele, na mgonjwa anakauka. Hivyo alisema sumu yake lazima iwe imemezwa, na kwamba inatoka kwenye choo cha mgonjwa ikarudi mdomoni kwa mtu mwingine kupitia mikono, chakula na maji. Alichapisha hoja hiyo katika kijitabu cha mwaka 1849. Vijidudu vyenyewe hakuwahi kuvithibitisha. Alifikiri tu vizuri kuhusu kile alichokiona.

Nyumba 17 za Albion Terrace

Mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo wewe unayeishi pembezoni mwa mji unapaswa kulijua kuliko kisa chochote kingine cha Snow.

Katika barabara ya Wandsworth, kitongoji cha kusini mwa London, kulikuwa na safu ya nyumba 17 zilizoitwa Albion Terrace. Hazikuwa vibanda. Walikaa humo watu wenye uwezo wao, na walipata maji ya chemchemi iliyokuwa barabarani mbele ya nyumba. Maji yalipita kwenye mfereji wa matofali na mabomba ya udongo hadi kwenye matangi nyuma ya kila nyumba. Chemchemi, matangi, maji yanayofika hadi nyumbani: mpangilio wa kupendeza kwa mtu yeyote aliyechoka kubeba ndoo.

Tarehe 26 Julai 1849 ilinyesha mvua kubwa. Mifereji ya maji machafu ilifurika hadi ikamwagika kwenye baadhi ya nyumba, na siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza alishikwa. Katika wiki zilizofuata walikufa watu wasiopungua 20 kutoka safu hiyo moja, ilhali nyumba za jirani zilizopata maji mahali pengine hazikuguswa.

Wakaguzi walipofika walilaumu mfereji wazi uliokuwa mbali kidogo, harufu ya sinki, na takataka zilizorundikwa katika nyumba mojawapo. Snow yeye alitaka kuona mabomba yalivyolazwa. Aligundua kwamba njia ya maji safi na njia ya maji machafu zilikaribiana mno, na pale zilipofurika ziliungana. Kisha akachunguza maji ya matangi. Ndani yake alikuta kokwa na maganda ya zabibu na matunda mengine, mabaki ya vitu vilivyokuwa vimeshapita kwenye matumbo ya watu.

Fikiri juu ya hilo kidogo. Nyumba zilikuwa nzuri na chanzo kilikuwa chemchemi. Kilichowaua ni mita chache za bomba lililoharibika chini ya ua, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Wakubwa wanabishana kuhusu sabuni

Wakati huo London yote ilikuwa ikilalamikia maji yake, na malalamiko mengi yalihusu ugumu. Bonde la mto Thames limejaa chokaa, na hadi leo birika za London hushika ukoko kama lako. Mwaka 1841 mkemia Thomas Clark wa Aberdeen alikuwa amepata hataza ya kulainisha maji kwa chokaa, na kipimo chake cha ugumu kwa kutumia sabuni kilienea. Mwaka 1850 Bodi Kuu ya Afya ilitoa ripoti iliyopendekeza mto uachwe na mji uletewe maji laini kutoka maeneo ya mchanga ya Surrey. Ilipiga hesabu ndefu za sabuni na majani ya chai ambayo kila familia ilikuwa ikipoteza.

Si kwamba hesabu hizo zilikuwa za kijinga, maana sabuni ilikuwa ghali. Ila ni jambo la kusikitisha kuwaona watu wenye akili wakipima povu wakati kinyesi cha mji mzima kinamwagwa kwenye mto ule ule.

Maji yaliuzwa na kampuni binafsi, tena kwa mgao. Yalifunguliwa kwa muda fulani, watu wakajaza mapipa na matangi, kisha yakafungwa. Bila shaka unaujua utaratibu huo. Kuna hatari ndani yake: bomba likiwa tupu halina msukumo, na palipo na ufa, maji machafu ya nje huweza kuingia ndani. Maji yakirudi, uchafu huo ndio unaotangulia bombani kwako.

Kampuni mbili, mtaa mmoja

Vitongoji vya kusini mwa London vilihudumiwa zaidi na kampuni mbili, Lambeth na Southwark and Vauxhall. Kwa kuwa ziliwahi kushindania wateja, mabomba yake yalipita pamoja katika mitaa mingi, nyumba hii ikichukua huku na ya jirani kule. Mwaka 1849 zote mbili zilivuta maji kwenye sehemu chafu ya mto, na wateja wa zote mbili walikufa kwa wingi. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamishia chanzo chake Thames Ditton, juu kabisa ambako majitaka ya London hayafiki. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuvuta maji Battersea, katikati ya uchafu.

Kipindupindu kiliporudi mwaka 1853, Snow aliona katika takwimu za serikali kwamba vitongoji vilivyotegemea Lambeth peke yake, kama Norwood, Streatham na Dulwich, havikuwa na kifo hata kimoja. Hapo alitambua kwamba bila kukusudia, kampuni hizi zilikuwa zimewagawa watu wapatao 300,000 katika makundi mawili. Walikuwa matajiri na maskini waliochanganyika, wenye mtaa mmoja na hewa moja. Kilichotofautiana ni maji tu.

Mwaka 1854 aliacha kazi nyingi za kumpatia pesa na kwenda kugonga milango. Katika kila nyumba iliyofiwa aliuliza maji yanatoka kampuni gani. Wengi hawakujua, kwa sababu kodi ya maji ililipwa na mwenye nyumba. Jiulize wewe mwenyewe, kama unapanga, ungeweza kumjibu?

Hapa Snow alitumia ujanja wa kikemia ninaoupenda kuliko yote. Maji ya Battersea yalikuwa na chumvi nyingi kuliko ya Thames Ditton, kwa sababu mawimbi ya bahari hupanda mto hadi kupita hapo, na majitaka nayo yana chumvi yake. Alijaza maji kwenye kichupa, akatia nitrati ya fedha, na kama kampuni ilikuwa Southwark and Vauxhall yaligeuka meupe mara moja. Kwa vipimo vya leo, maji ya Lambeth yalikuwa na chumvi miligramu 14 hivi kwa lita, na yale mengine karibu miligramu 540. Chumvi hiyo haikumuua mtu. Ilikuwa alama tu ya mahali maji yalikotekwa.

Hesabu ya wiki saba za kwanza ilikuwa hivi. Nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98, yaani 37 kwa kila 10,000.

Akiwa katikati ya kazi hiyo, ugonjwa ulilipuka karibu na nyumbani kwake, katika mtaa wa Broad Street, usiku wa kuamkia Septemba 1854. Katika siku kumi walikufa zaidi ya watu 500. Hiki ndicho kisa kinachosimuliwa sana: jinsi Snow alivyofuatilia vifo hadi kwenye pampu ya kisima, akaenda kwa viongozi wa parokia tarehe 7 Septemba, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Wengi walikuwa wameshakimbia mtaa na ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwa hiyo mpini peke yake usipewe sifa zote.

Kinachosimuliwa kidogo ni sababu ya watu kukipenda kisima hicho. Maji yake yalisifiwa. Mjane mmoja aliyehamia Hampstead, kitongoji cha mbali ambako hakukuwa na kipindupindu, aliletewa chupa ya maji hayo kila siku kwa gari la farasi, kwa kuwa aliipenda ladha yake. Aliyanywa, akafa. Mpwa wake aliyemtembelea alikunywa, akarudi kwake Islington, naye akafa. Snow alipoyatazama maji hayo siku za mwanzo hakuona uchafu wa maana. Baadaye kasisi Henry Whitehead, ambaye awali hakuamini nadharia ya Snow, ndiye aliyegundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliharisha kabla ya mlipuko. Maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la majitaka lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza.

Alikufa bila kusikilizwa

Mwaka 1855 Snow alitoa toleo kubwa la kitabu chake. Alitumia zaidi ya pauni 200 za mfukoni mwake kukiandaa, na ziliuzwa nakala chache tu. Mwaka huo huo alieleza mbele ya kamati ya Bunge kwamba harufu ya viwanda haileti magonjwa ya mlipuko, na jarida la Lancet likamdhihaki vikali. Hapo, kwa maoni yangu, alikwenda mbali kupita kiasi, maana moshi na mvuke wa viwanda una madhara yake mengine. Lakini kuhusu kipindupindu alikuwa sahihi.

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anaandika kitabu chake juu ya klorofomu, alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 16 Juni akiwa na miaka 45. Hakuwa na mke wala mtoto. Tangazo fupi la kifo chake katika Lancet halikutaja kipindupindu hata kidogo.

Miaka minane baadaye ugonjwa ulirudi na kuua maelfu mashariki mwa London. Safari hii mtakwimu William Farr, ambaye zamani alishikilia hewa mbaya, aliuliza swali la Snow na kukuta kwamba vifo vimefuata mabomba ya kampuni moja. Mwaka 1884 Robert Koch alitangaza kutoka India kwamba amekitambua kijidudu chenyewe.

Nyumbani kwako

Kwa hiyo usiishie kwenye ukoko wa birika. Ukoko huo, ukitaka kujua, ni dalili kwamba unachemsha maji, na hilo ni jambo jema. Mashine ya kulainisha maji itakuokolea sabuni, lakini haiui vijidudu. Na maji laini yana hatari zake: kuzunguka Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa kuna maji yanayotoa povu zuri huku yakiwa na floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floridi hiyo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi.

Muulize mwenye nyumba au mamlaka ya maji: chanzo ni mto, ziwa, au kisima kirefu? Yanatibiwa kwa klorini? Yalipimwa lini? Bomba linapita wapi, na shimo la choo liko wapi? Kwa kisima cha uani, umbali wa mita 30 kutoka chooni ni kipimo kinachotumika sana, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Baada ya mgao au mvua kubwa, acha maji ya mwanzo yamwagike. Ya kunywa yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, au tia dawa ya klorini kama kibandiko kinavyoelekeza, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na bomba. Osha tangi mara kwa mara.

Mtu akianza kuharisha maji mengi ya rangi ya maji ya mchele, usisubiri. Mpe maji ya chumvi na sukari ya dukani (ORS), au changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa. Mnyweshe kidogo kidogo hata akitapika, na uendelee kumnywesha njiani mkielekea kituo cha afya.